Miezi minne ya kupunguza

Mwezi wa Mei bendi yetu ilikuwa na nyimbo 11 za albamu, na kila wimbo ulikuwa umejaa: magitaa mawili au matatu, kinanda, besi, ngoma kamili na waitikiaji. Mwishoni mwa Agosti tulibaki na nyimbo 7, na katika nyingi kati ya hizo msikilizaji hasikii zaidi ya vyombo vitatu kwa wakati mmoja. Majirani zetu hapa Lubumbashi wamezoea kwamba kadiri wimbo unavyokwenda ndivyo unavyozidi kuchangamka, mpaka gitaa liwanyanyue watu vitini, na wameniuliza mara nyingi tulikuwa tukifanya nini muda wote huo ikiwa kazi yenyewe ilikuwa ni kuondoa. Nimeona niandike jibu kwa urefu, kwa sababu sijawahi kufanya kazi ya muziki iliyonidai uangalifu kiasi hiki, na kwa sababu najua wapo vijana wengine katika mji huu wanaopenda roki ya namna hii, ile ya polepole yenye giza na nafasi, ambao wanadhani haiwezi kurekodiwa bila studio ya fedha nyingi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumerekodi nyimbo 2 katika studio moja ya mjini. Kila mmoja wetu aliingia peke yake katika chumba kidogo kilichofunikwa sponji kuta zote, akavaa vipokea sauti masikioni, akapiga sehemu yake huku akifuata mlio wa metronomu, kifaa cha kuhesabu mwendo wa muziki. Fundi aliziunganisha sehemu hizo katika kompyuta, akazitia mwangwi wa programu, kisha akazibana sauti zote hadi mnong'ono na ukelele vikawa na nguvu moja. Alikuwa mtu mwenye ujuzi na mwenye subira, na kwa nyimbo za aina nyingine ningemrudia kesho. Lakini tulipoketi kusikiliza, tulisikia watu wanne ambao hawajawahi kukutana. Mpiga ngoma wetu, ambaye ni mkubwa kwetu sote nasi humwita Yaya kama desturi ya huku inavyotaka, alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akauliza: "Sasa sisi tulikuwa wapi hapa ndani?" Swali hilo ndilo lililozaa albamu.

Masikio yangu yalikuwa yamekwisha kugeuzwa na kazi ya kundi moja la Uingereza, Talk Talk, liliyoitoa mwaka 1988 kwa jina la Spirit of Eden. Kundi hilo lilikuwa limejipatia umaarufu kwa nyimbo za pop zenye sinthesaiza, na kila mtu alitazamia liendelee hivyo. Mwimbaji wake, Mark Hollis, pamoja na Tim Friese-Greene aliyekuwa akitunga naye na kusimamia kurekodi, walianza mwaka 1987 kujifungia katika studio ya Wessex jijini London, ambayo jengo lake lilikuwa zamani ukumbi wa kanisa, na kazi ikawachukua miezi mingi. Phill Brown, fundi wa sauti aliyekuwa nao, amesimulia jinsi walivyofanya kazi gizani, pakiwa na mwanga hafifu tu wa kuchezacheza ukutani. Wanamuziki wageni waliitwa mmoja mmoja, wakaombwa wapige bila kupangiwa, saa baada ya saa. Kisha sehemu kubwa ya walichokipiga ikafutwa, na kilichobaki ni tarumbeta inayosema neno moja na kunyamaza, au harmonika inayopita kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa. Albamu nzima ina nyimbo 6. Nilipoisikia mara ya kwanza, kwenye flashi niliyopewa na rafiki, nilidhani faili zimeharibika, kwa sababu dakika za mwanzo hazikuwa na chochote cha kushika. Nilirudia usiku, taa zikiwa zimezimwa, ndipo nikaelewa kwamba ukimya ule ulikuwa umepimwa kama nota nyingine yoyote.

Hata hivyo, Talk Talk walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao na muda usio na kikomo, vitu ambavyo sisi hatuna. Aliyenipa ujasiri ni kundi jingine, Cowboy Junkies wa Kanada, ambao walirekodi albamu yao iitwayo The Trinity Session tarehe 27 Novemba 1987 katika Kanisa la Utatu Mtakatifu jijini Toronto, kwa maikrofoni moja. Naomba msomaji arudie maneno hayo mawili ya mwisho. Wanamuziki walijipanga kuizunguka maikrofoni hiyo, na saa za kwanza za siku zilipotea katika kazi ya kusogeza watu na vyombo: huyu arudi nyuma hatua mbili, yule ageuze amplifaya yake upande, mpaka uwiano ukapatikana hewani kabla ya kufika kwenye mashine. Mwimbaji wao, Margo Timmins, ana sauti ya chini ambayo magitaa yangeifunika, na msimamizi wa kurekodi, Peter Moore, aliipitisha katika spika zilizokuwamo kanisani humo, ili nayo iingie chumbani kama chombo kingine. Inasemekana hata kwa wasimamizi wa kanisa walijitambulisha kuwa ni familia ya Timmins wanaorekodi kipindi cha Krismasi, jambo ambalo kwa sehemu lilikuwa kweli, maana watatu kati yao ni ndugu wa damu.

Sisi tuliomba ukumbi bila kuficha tulichotaka kuufanyia. Ni ukumbi wa parokia moja huko Katuba, sehemu ya mji wetu: matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, dari ya mbao chini ya mabati, urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 7. Padri alitupa funguo kwa sharti kwamba viti virudishwe mahali pake kabla ya misa ya asubuhi. Kabla ya kuingiza chombo chochote nilisimama katikati nikapiga kofi, nikasogea, nikapiga tena, kama mwashi anayegonga ukuta kutafuta palipo na uwazi. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kofi lililopigwa mwisho mmoja wa ukumbi wetu huenda hadi ukuta wa pili na kurudi katika milisekunde 70, muda mfupi ambao hata hivyo sikio huutambua. Katikati ya kuta mbili za pembeni, ambazo zimeelekeana na hazina kitu, kofi hilo lilikuwa likigongana huku na huku na kutoa mlio wa chuma usiopendeza. Tulitundika mablanketi upande mmoja, na vitenge vya mama yangu juu ya kamba upande wa pili, tukapanga mabenchi kwa mshazari. Mlio ule ukatoweka, na ukumbi ukabaki na pumzi yake yenyewe, nzito kidogo, yenye joto la matofali.

Tulikuwa na maikrofoni nne. Wiki ya kwanza tulizitumia zote kwa karibu, moja kwa kila chombo, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa tumezoea kuona, na matokeo yakafanana na ya ile studio ya mjini. Hapo ndipo nilipojifunza kwa vitendo jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu: kila unapouongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye chombo hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Maana yake, anayetaka msikilizaji ahisi ukubwa wa mahali hana haja ya kuongeza chochote baadaye. Arudishe maikrofoni nyuma. Tulifunga maikrofoni mbili kati ya hizo nne katika mfuko wao. Zile mbili zilizobaki, za kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, tuliziweka pamoja kwenye kitako kimoja katikati ya ukumbi, kwa kimo cha kifua cha mtu, na kuanzia hapo tukawa tunasogea sisi. Nilichora chaki sakafuni. Yaya alikaa mita 5 kutoka hapo, besi mita 3, gitaa langu mita 2 na amplifaya ikitazama ukuta, na dada yetu mwimbaji alisimama hatua moja na nusu tu, lakini kwa upande, ili pumzi yake ipite pembeni ya maikrofoni. Kila wimbo ulikuwa na ramani yake ya chaki, na hadi leo ninazo katika daftari. Wimbo mmoja ulipokuwa na sauti dhaifu mno tuliwafuata wale Wakanada, tukaipitisha sauti ya dada katika spika ndogo ya kwaya iliyowekwa juu ya kiti.

Kurekodi kwa namna hii kuna ugumu mmoja ambao lazima niuseme wazi: hakuna kurekebisha. Ngoma ikikosea, kosa limo katika gitaa na katika sauti ya mwimbaji pia, kwa kuwa maikrofoni ni zilezile. Kila wimbo ulipigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara 10, mara 20, na tulichagua upigaji mmoja mzima. Metronomu tuliiacha. Mwendo wetu huongezeka kidogo pale dada anapoinua sauti na hupungua anapomaliza, na nikiupima katika kompyuta naona mstari unaopanda na kushuka kama njia ya vilimani, sitaki kuunyoosha.

Umeme ulitupangia saa za kazi. Kukitokea delestaji, yaani umeme kukatwa kwa mgao, jioni, jenereta za mtaa mzima huwashwa kwa mpigo mmoja, na maikrofoni iliyo mita kadhaa kutoka kwa mpigaji haichagui cha kusikia. Tulijaribu kupiga katikati ya ngurumo hizo siku mbili tukaacha. Tukaamua kuanza saa saba usiku na kumaliza saa kumi alfajiri, wakati jenereta zimezimwa kwa kubania mafuta, pikipiki zimelala na jogoo hawajaanza. Kompyuta na kadi ya sauti vilitumia betri. Amplifaya zilitumia betri ya gari na kigeuza umeme, ambacho kwanza kilitutilia muungurumo mwembamba mpaka tulipokipeleka nje kwa waya mrefu. Baridi ya Julai hapa hushuka chini ya nyuzijoto 10 usiku, na nyuzi za gitaa zilikuwa zikilegea au kukaza kila baada ya wimbo mmoja. Vumbi jekundu la kiangazi pamoja na moshi wa vichaka vinavyochomwa kuuzunguka mji viliikwaruza koo la dada yetu, naye alikuwa akija na chupa ya maji ya moto yenye tangawizi. Mkwaruzo huo unasikika katika nyimbo 2. Yeye alitaka turudie, mimi nikamsihi tuache, na nashukuru alikubali.

Kupunguza kwenyewe kulianza na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimejaza. Niligundua kwamba katika kila wimbo gitaa langu la pili lilikuwa likirudia kwa urembo yale ambayo la kwanza lilikwisha kusema. Niliyaondoa yote. Kisha nikaanza kuondoa nota ndani ya gitaa la kwanza: mahali pa kodi, yaani nota zinazolia pamoja, yenye nota sita nikaweka nota mbili, na mahali pa mbili wakati mwingine moja, iliyoachwa ilie mpaka ife yenyewe. Ni kazi ya aibu kidogo mwanzoni, kwa sababu nota ikiwa peke yake haina mahali pa kujificha. Ukiigusa vibaya kila mtu amekusikia. Nilitumia wiki nzima kwa nota nne za mwanzo wa wimbo wa tatu. Mpiga besi alielewa haraka kuliko mimi. Kinanda hatukukiondoa kwa mjadala; siku moja hakikuletwa, na hakuna aliyekiulizia.

Maneno nayo yalipungua. Tunaimba kwa Kiswahili, na katika ukimya wa namna ile niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa nikisikiliza roki ya Kiingereza. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Mwingereza akifika mwisho wa mstari mara nyingi midomo au ulimi unafunga neno, na sauti inakatika hapo. Dada yetu akiimba "njia" au "baridi" au "umelala", mdomo unabaki wazi, na sauti inaweza kuendelea mpaka iungane na mwangwi wa ukumbi bila mtu kujua iliishia wapi. Tulipoona hivyo tulifupisha mistari. Beti lililokuwa na mistari minane likawa na mitatu, na nafasi iliyopatikana tuliiachia irabu ya mwisho.

Mzee anayetunza ukumbi alikuwa akilala katika chumba cha nyuma, na kwa usiku wa kwanza na wa pili hakusema neno. Usiku wa tatu alitoka na blanketi mabegani, akaketi kwenye benchi la mwisho, akasikiliza upigaji mmoja mzima. Tulipomaliza alituambia: "Bana yangu, sasa niko nasikia kila kidole," yaani wanangu, sasa nasikia kila kidole. Kisha akaanza kutueleza kuhusu gitaa la ujana wake, gitaa la mtu mmoja lisilo na umeme, na akamtaja Mwenda Jean Bosco.

Nilikuwa nikilijua jina hilo kama kila mtoto wa Katanga anavyolijua, lakini nilikuwa nimeliweka katika sanduku la muziki wa wazee. Nilirudi nyumbani nikasikiliza upya. Mwenda alizaliwa mwaka 1930, na mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi hapo. Ni mtu mmoja, gitaa moja na sauti moja. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinapiga kiitikio na urembo wa juu, na kati ya vidole hivyo viwili unasikia kundi zima ambalo halipo. Mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji wake kwa nota katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, mstari kwa mstari, na kurasa zile zinaonyesha jinsi kila marudio yanavyobadilika kidogo. Tracey naye alijulikana kwa kuishika maikrofoni mkononi na kusogea nayo mwenyewe, akitafuta uwiano kwa miguu yake. Nilipofikiri hilo nikakumbuka chaki zangu sakafuni. Nilikuwa nimekwenda London na Toronto kwa masikio kutafuta ruhusa ya kupiga kidogo, na ruhusa hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa umbali wa kilomita 120 hivi kutoka nyumbani kwetu, miaka mingi kabla ya wote wale. Baada ya usiku ule nilibadilisha upigaji wangu katika nyimbo 2: niliweka kando kipande cha plastiki nilichokuwa nikichezea, nikapiga kwa gumba na shahada, huku amplifaya ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Sidai kwamba napiga kama yeye. Nasema tu kwamba roki yetu, ilipovuliwa nguo zote za ziada, ilionekana kuwa na mifupa ya hapahapa.

Kuhusu kuchanganya sauti sina mengi ya kueleza, kwa kuwa faili zilikuwa mbili tu, kushoto na kulia. Nilikata muungurumo wa chini kabisa, nikapunguza ukali kidogo mahali simbali, yaani matoazi ya ngoma, zilipouma, basi. Kubana sauti sikubana kabisa, ingawa rafiki zangu wawili walinionya kwamba albamu itasikika dhaifu karibu na nyingine. Hofu hiyo ilikuwa na maana zaidi zamani; siku hizi huduma kama Spotify husawazisha zenyewe nguvu ya nyimbo, kwa kawaida kwenye kiwango cha LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha nguvu ya sauti jinsi sikio linavyoisikia), kwa hiyo anayebana kupita kiasi hupunguziwa nguvu na kubaki na ubapa wake. Ninachomwomba msikilizaji ni aongeze sauti kwa mkono wake na akae mahali patulivu. Atasikia nyenje, na katika wimbo wa tano atasikia mbwa wa mbali upande wa kulia. Tulijadili kumwondoa mbwa huyo, lakini alibweka kwenye nafasi tupu kati ya beti mbili, kwa mwendo wa wimbo wenyewe, nami sina moyo wa kumfuta.

Wimbo wa saba ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu ya ngoma. Yaya alianza kwa kupiga kwa vijiti, akahamia brashi, akaondoa simbali, akaondoa ngoma ya mguu, na kila mara tuliposikiliza tulihisi bado tumejaa, wala hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mkubwa wetu aache kabisa. Ni yeye aliyelisema. Usiku wa tarehe 19 Agosti alisema angependa kujaribu kutopiga chochote, nasi tukamwambia basi aende akapumzike, akakataa. Alitaka kukaa mahali pake, mita 5, juu ya alama yake ya chaki. Aliketi nyuma ya ngoma, brashi zikiwa juu ya mapaja yake, akatazama mikono yetu kwa dakika nne, huku akitikisa kichwa taratibu, na sisi watatu tukapiga tukiutazama mtikiso huo. Ndio upigaji tuliouchagua. Kabla tu ya nota ya mwisho anasikika akivuta pumzi kwa ndani, na katika orodha ya wapigaji wa wimbo huo jina lake limeandikwa pamoja na yetu, na mbele yake neno: ngoma.